Fundi Asubiri Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Mabenchi ya Kanisa

Mwezi huu wasomaji wetu walioko Uingereza wameamua kunichosha na mabenchi. Barua tatu, zote za kanisani, zote zinauliza nani anatoa ruhusa ya kubadilisha viti. Mimi sio wakili, niseme mapema, ila nilikuwa katibu wa baraza la parokia huko miaka kadhaa na hizo fomu nilizijaza mpaka nikaziota usiku, kwa hiyo nitajibu ninavyojua.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo Anti. Niko Uingereza mwaka wa 13 sasa, nasali Anglikana, na mwaka huu wamenichagua niwe wadeni, yaani msimamizi wa kanisa kwa niaba ya waumini, tuko wawili. Kanisa letu ni la mawe, la zamani, liko kwenye orodha ya majengo ya urithi wa taifa, Gredi II yenye nyota, yaani daraja la pili kutoka juu, na ndani limejaa mabenchi mazito ya mbao ya enzi za Malkia Victoria. Yanaumiza mgongo, kuna mama wa kiti cha magurudumu kila Jumapili anakaa katikati ya ujia kama mzigo uliosahaulika stendi, na watoto hawana hata pa kutandika mkeka. Baraza tukapiga kura, 14 wakasema yang'olewe, 2 wakakataa. Muumini mmoja kajitolea kununua viti 120 vya sponji rangi ya bluu, mwenye mgahawa anayataka mabenchi, fundi anaanza wiki mbili zijazo. Sasa kasisi anasema hakuna kugusa hata msumari mpaka tupate fakalti ya mahakama. Mahakama gani tena Anti? Kanisa letu, hela zetu, kura tumepiga. Au anatuzungusha tu?
Wadeni mpya, Midlands

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa cheo, ingawa nahisi hawakukuambia kazi zake zote siku ile ya kukuchagua. Kasisi wako hakuzungushi hata kidogo. Mpigie fundi sasa hivi umwambie asubiri, mwenye mgahawa naye mwambie hakuna kilichouzwa, halafu rudi tuongee.

Hiyo fakalti haina uhusiano na kitivo cha chuo kikuu, ni kibali cha mahakama ya dayosisi. Kila dayosisi ya Kanisa la Uingereza ina mahakama yake na hakimu wake anaitwa chansela, ni mwanasheria kamili anayeteuliwa na askofu lakini akikaa kwenye kesi askofu hamwamulii. Mahakama hizi ni za zamani mno, zimetokana na zile za maaskofu tangu enzi za Wanormani, karne ya 11. Zamani zilisikiliza hata ndoa na wosia za watu, siku hizi kazi yao kubwa ni hii hii, majengo na viwanja vya makanisa.

Sasa unauliza kwa nini mahakama wakati kanisa ni lenu. Iko hivi, mtu wa kawaida mwenye jengo lililoorodheshwa akitaka kulibadilisha lazima aende halmashauri kuomba idhini ya majengo ya urithi. Kanisa la Uingereza limesamehewa hilo, lakini limesamehewa kwa sharti kwamba lina utaratibu wake wenyewe ambao ni mkali kama ule wa serikali. Sasa makanisa yake yaliyoorodheshwa ni zaidi ya 12,000, yaani wangekuwa kila parokia inang'oa inavyotaka, serikali ingeufuta ule msamaha. Na msamaha wenyewe hauhusu kila kitu, mkitaka kujenga nje, tuseme kibanda cha choo ukutani, ruhusa ya ujenzi ya halmashauri mtaitafuta kama watu wengine.

Kwa hiyo ile kura yenu ya 14 kwa 2 ni nzuri, iwekeni kwenye kumbukumbu za kikao kwa sababu chansela ataiulizia, ila yenyewe ni ruhusa ya kuomba tu. Mkiyang'oa bila kibali mtakuwa mmevunja sheria, na chansela ana uwezo wa kuamuru mrudishe kila kitu kilivyokuwa na waliofanya walipe gharama, na wa kwanza kuitwa ni wadeni, yaani wewe. Hebu piga picha unaenda kwenye ule mgahawa kuomba benchi watu wamelikalia wanakula.

Haya, sasa chansela anaangalia nini. Kuna kesi watu wa kanisa wanaitaja kama wimbo, ya kanisa la St Alkmund, Duffield, huko Derbyshire, iliyoamuliwa mwaka 2012 na mahakama ya rufaa ya kanisa kwa upande wa Canterbury. Kesi yenyewe ilihusu kuhamisha kizuizi cha mbao mbele ya madhabahu, haikuwa ya mabenchi, lakini maswali yake ndiyo yanatumika mpaka leo kwa karibu kila kitu. La kwanza, je, mabadiliko yataharibu umuhimu wa jengo kama jengo la kihistoria au la usanifu? Kama hayaharibu, basi bado kuna ile dhana kwamba mambo yabaki yalivyo, ila inaondoka kirahisi kulingana na jambo lenyewe. Kama yanaharibu, madhara ni makubwa kiasi gani, halafu sababu zenu ziko wazi na zinashawishi kiasi gani, halafu faida kwa watu inazidi hayo madhara au haizidi. Faida hapo ni ibada, huduma kwa waumini, uinjilisti, na jengo kutumika badala ya kufungwa. Madhara yakiwa makubwa na faida nayo lazima iwe kubwa. Na kwa Gredi I na Gredi II yenye nyota, kama nyie, madhara makubwa huruhusiwa kwa nadra sana.

Sasa umeona tatizo la barua yako liko wapi? Umeniambia habari za viti vya bluu, za mgahawa, za fundi, na shida yenyewe umeipa sentensi moja. Ukimwandikia chansela hivyo umekwisha. Yeye hataki kujua mnataka viti gani, anataka kujua mnashindwa kufanya nini kwa sababu ya mabenchi.

Mtaandika karatasi mbili. Moja inaeleza umuhimu wa jengo na nyingine inaeleza mahitaji yenu, na watu wengi wanaharakisha ya kwanza ili wafike ya pili, ndipo wanaponaswa. Nenda kanisani siku ya katikati ya wiki pakiwa kimya, peke yako, na tochi. Piga magoti uangalie benchi moja vizuri. Ncha zake zimechongwa au ni ubao mtupu? Kuna namba zimepakwa rangi kwenye kilango chake au mgongoni? Hizo mara nyingi ni za enzi watu walipokuwa wanakodi viti kanisani, tajiri mbele na maskini nyuma. Kuna kifremu kidogo cha shaba cha kuwekea kadi ya jina? Kuna kishikio cha mwavuli pembeni, na chini yake kisahani cha chuma cha kukinga maji ya mvua? Mimi niliwahi kukaa kwenye benchi hilo hilo miaka 4 nikidhani kile kisahani ni cha majivu ya sigara, nikawa nawashangaa Wazungu kimya kimya.

Halafu tafuta yaliingia lini na nani aliyachora. Zamani kabisa makanisa haya hayakuwa na viti vingi, watu walisimama au walipiga magoti na wazee walikaa kwenye kibaraza cha mawe ukutani. Mabenchi yakazidi kuanzia karne ya 15, baadaye mahubiri yakawa marefu na yakaja mabenchi ya maboksi yenye milango, halafu Wavictoria wakaja wakang'oa hayo maboksi kwa hamu kuliko hata baraza lako. Mwaka 1818 kilianzishwa chama cha kujenga na kupanua makanisa kilichotoa ruzuku kwa masharti kwamba kuwe na viti vya bure kwa maskini, ndiyo maana makanisa mengine bado yana ubao ukutani unaosema viti kadhaa ni vya bure. Kwa hiyo inawezekana kabisa mabenchi yenu nayo yaliingia kwa fakalti, na karatasi zake pamoja na ramani ya ukaaji ziko kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti. Nendeni mkaombe. Mkikuta ni mabenchi ya kununua kwa katalogi yanayofanana na ya makanisa mengine mengi, kazi inakuwa nyepesi, mkikuta yamechorwa na msanifu maarufu pamoja na mimbari na sakafu kama seti moja, kaeni chini mfikirie upya.

Kwenye karatasi ya mahitaji ndipo umlete yule mama wa kiti cha magurudumu. Usiandike "tunataka kujumuisha watu wote", kila parokia inaandika hivyo. Andika upana wa ujia kwa sentimita, andika kwamba mabenchi yako juu ya jukwaa la mbao lililoinuka kwa hiyo hawezi kuingia kwenye safu akakaa na familia yake, andika Jumapili ngapi kwa mwezi mna watoto na wangapi, andika ni shughuli gani mlizikataa mwaka jana kwa kukosa nafasi. Na waandike wale 2 waliokataa walisema nini, msiwafiche, maana watajitokeza tu.

Jambo la sakafu watu wanalisahau kabisa. Ukiondoa benchi na jukwaa lake utakuta nini chini? Inaweza kuwa vigae vizuri vya Kivictoria kwenye ujia tu na udongo mtupu chini ya mabenchi, inaweza kuwa mawe ya makaburi yenye majina, inaweza kuwa mbao zilizooza kwa ukungu kwa sababu hewa haizunguki, na mara nyingine mabomba ya joto yamepita humo humo. Na kanisa la zamani lina watu wamezikwa ndani, kwa hiyo kuchimba sakafu kunamleta mtaalamu wa akiolojia. Parokia nyingi zilipanga bajeti ya viti zikasahau sakafu, na sakafu ndiyo inayokula hela.

Viti vya bluu sasa. Pole kwa mfadhili wenu lakini hapo mtapata upinzani. Mwongozo wa baraza la majengo ya makanisa unapendelea viti vya mbao visivyo na sponji kwenye majengo ya kihistoria. Kitambaa kinashika madoa ya chai na kinachakaa upesi, viti vyenyewe huwa vizito kuhamisha, na rangi kali ndani ya kanisa la mawe inavuta macho kuliko madhabahu. Sio marufuku ya moja kwa moja, wapo waliopewa, ila lazima mtoe sababu nzito kuliko "ni laini". Ukimwambia mfadhili mapema atabadilika bila kununa, ukimwambia akishalipa ndio utaona. Ombeni sampuli mbili tatu kwa wauzaji, ziwekeni kanisani wazee wakalie ibada nzima, sio dakika 2. Na ulizeni vinapangwaje, kuna kiti kimoja maarufu kilichobuniwa na David Rowland mwaka 1964, vyembamba hivyo, 40 vikipangwa juu ya vingine urefu ni futi 4 tu, ndiyo asili ya jina lake 40/4. Hakuna maana ya kununua viti vya kuhamishika halafu hamna pa kuviweka.

Utaratibu wenyewe uko hivi kwa kifupi. Mnaanza na kamati ya ushauri ya dayosisi, na mnaanza nayo mkiwa na wazo tu, msisubiri michoro imekamilika, kwa sababu wanakuja kuangalia na mara nyingi wanawaokolea hela. Kwa mabenchi ya Kivictoria mtaandikiana na Victorian Society, chama kinachotetea majengo ya enzi hizo, na kwa gredi yenu Historic England pia, shirika la umma la urithi. Kamati mwishoni inatoa cheti, ama inapendekeza, ama haina pingamizi, ama haipendekezi. Cheti ni ushauri, chansela anaweza kwenda kinyume nacho, ila akienda kinyume huwa na sababu. Baada ya hapo ombi linaingia kwa msajili wa mahakama ya dayosisi, na mnabandika tangazo ndani na nje ya kanisa siku 28 mfululizo ili watu waone. Asipojitokeza mtu, chansela anaamua kwa karatasi tu. Gharama za mahakama kwa kawaida anabeba mwombaji hata akikubaliwa, ingawa dayosisi nyingine zinazilipia parokia, ulizeni kwa msajili.

Na ushauri wangu wa mwisho kwako, msiombe kung'oa yote kama hamhitaji yote. Nimeona ombi la kuondoa kila kitu likikwama miezi na miezi, wenzao wa jirani wakaomba kuondoa safu za nyuma na pembeni, mabenchi mengine yafupishwe ncha zake zibaki, machache mazuri yatunzwe mbele, wakapata bila kelele. Kama huyo mama atapata nafasi, watoto watapata mkeka, na katikati kukabaki mabenchi 8, je, hamjatatua shida mliyoniambia?

SWALI LA PILI

Anti habari. Mimi niko upande wa pili. Naishi karibu na kanisa la Anglikana, sio muumini wa kila Jumapili, hata kwenye daftari la waumini simo, lakini harusi yangu ilifungwa pale na benchi moja lina kibao cha shaba cha jina la baba mkwe wangu. Nimeona tangazo mlangoni wanataka kuondoa mabenchi yote. Naweza kupinga au nitaambiwa hayanihusu?
Dada wa jirani

JIBU

Yanakuhusu dada. Sheria inamtambua mtu yeyote anayeishi ndani ya mipaka ya parokia, hata kama hasali kabisa, na pia mtu anayeishi kwingine ila jina lake limo kwenye daftari. Angalia tarehe kwenye hilo tangazo, zile siku 28 zikipita umechelewa. Andika barua kwa msajili wa dayosisi, anwani iko kwenye tangazo lenyewe, useme unaishi wapi na unapinga nini hasa.

Msajili atakujibu akupe uchaguzi, ama uwe mpinzani rasmi kwenye kesi, ama barua yako ipelekwe kwa chansela aizingatie tu. Una siku 21 za kuchagua, na usipojibu barua inazingatiwa basi. Wengi wanachagua hiyo ya pili na wanafanya vizuri. Mpinzani rasmi anaingia kwenye kesi kweli, na akifanya mambo ya hovyo, kuchelewesha makusudi na kadhalika, anaweza kuamriwa alipe gharama. Akipinga kwa nia njema kwa kawaida habebeshwi.

Sasa barua yako isiwe ya machozi matupu. Sikwambii kumbukumbu za harusi hazina maana, ila chansela anasoma nyingi kama hizo. Sema kuhusu kibao. Uliza kitahamishiwa wapi, nani ataarifiwa, kama benchi lile linaweza kubaki. Mara nyingi hilo linageuka kuwa sharti ndani ya fakalti, kwamba picha zipigwe kabla ya kazi, mabenchi kadhaa yabaki, vibao viwekwe ukutani. Na kabla hujaandika chochote nenda kaongee na kasisi, labda hata hawajui kama baba mkwe ana watu wake hapo mtaani.

SWALI LA TATU

Bwana asifiwe Anti. Sisi ni kanisa la kipentekoste, tumenunua chapeli ya zamani iliyoorodheshwa, tena ina mabenchi yamepigiliwa chini. Mchungaji kasoma kwamba makanisa yamesamehewa sheria za majengo ya urithi, hivyo Jumamosi vijana wanakuja na nyundo. Tuko sawa?
Mweka hazina, London

JIBU

Bwana asifiwe sana, na hizo nyundo zirudi stoo leo hii. Ule msamaha ni wa madhehebu yaliyotajwa kwenye amri ya serikali ya mwaka 2010, nayo kwa England ni Anglikana, Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti wa umoja wao na United Reformed. Haijalishi jengo zamani lilikuwa la nani, kinachoangaliwa ni nani anasali humo sasa na yuko chini ya utaratibu gani. Nyie hamumo. Mabenchi yaliyopigiliwa sakafuni yanahesabika kuwa sehemu ya jengo, na kubadilisha jengo lililoorodheshwa kwa namna inayoathiri sura yake bila idhini ya halmashauri ni kosa la jinai, sio faini ya kuegesha gari. Ombi lenyewe halina ada, kwa hiyo hata kisingizio cha hela hakuna. Ombeni kuonana na afisa wa majengo ya urithi wa halmashauri yenu kabla ya kujaza kitu.

Na kuna wengine mnakodi tu kanisa la Anglikana Jumapili mchana, nyie msiguse hata moja, mwenye nyumba ndiye anaomba. Kama mnataka kujaribu mpangilio tofauti mwambieni kasisi aongee na achidikoni, yule msaidizi wa askofu, kuna leseni ya muda anayoweza kutoa isiyozidi miezi 24, bila mahakama, mradi vitu vinavyohamishwa havijafungwa kwenye jengo, vinahamishwa na watu wanaojua kazi, vinatunzwa salama na vinaweza kurudishwa kirahisi. Mwanangu wa swali la kwanza, nawe hapo umesikia, kama kuna mabenchi ya nyuma hayajapigiliwa anza nayo, halafu uniandikie.